Huyu ni wa wapi? Olimpiki na tivii ya Waayalandi

Ukitaka kumwelewa Muayalandi kipindi cha Olimpiki usianze na idadi ya medali, anza na swali lao la kwanza, huyu ni wa wapi. Nchi wanaijua, wao wanataka kaunti, wakishapata kaunti wanataka mji, wakishapata mji wanataka kijiji na klabu aliyoanzia, na ikiwezekana wajue mjomba wake nani. Mi naishi Tallaght, kusini magharibi mwa Dublin, na tangu nihamie huku nimeangalia nao mashindano sehemu nyingi tu, sebuleni kwa majirani, kazini kwenye chumba cha chai, baa, hata kwa kinyozi, na swali ni hilo hilo kila mahali. Nimekaa nalo sana hili jambo kwa sababu mi ni Mtanzania na napenda riadha toka utotoni, na kuna kitu wenzetu hawa wanakifanya ambacho natamani sana tukifanye na sisi.

Nianze na Paris 2024 maana wengi mnaikumbuka. Ayalandi ni nchi ya watu milioni tano na kidogo, ilipeleka wanamichezo zaidi ya 130 na ikarudi na medali 7, dhahabu 4 na shaba 3, Olimpiki yao bora kuliko zote walizowahi kwenda. Kwa kulinganisha tu, Kenya nao walirudi na dhahabu 4, mbili za Beatrice Chebet, moja ya Faith Kipyegon, moja ya Emmanuel Wanyonyi, kwa hiyo kwenye ule msimamo wa medali Kenya na Ayalandi walikaa karibu karibu kabisa. Sasa wenye hizo medali ukimuuliza mtu wa hapa atakutajia kama anataja vituo vya basi. Mona McSharry, Grange, kaunti ya Sligo. Daniel Wiffen, Magheralin. Rhys McClenaghan, Newtownards. Paul O'Donovan na Fintan McCarthy, Skibbereen. Kellie Harrington, Portland Row, na hapo hata mji hawataji tena, wanataja mtaa tu.

Na tivii ndo inayolea hiyo tabia, hapo ndo nataka nikae kidogo.

Shirika lao la utangazaji linaitwa RTÉ, ni la umma, kila nyumba yenye tivii inatakiwa ilipe leseni euro 160 kwa mwaka. Mwaka 2023 kulitokea kashfa ya malipo pale ndani, watu wakakasirika sana na wengi wakagoma kulipa hiyo leseni, nilisikia malalamiko mpaka kwenye foleni ya duka. Ila ilipofika Julai 2024 watu wote hao wamekaa mbele ya RTÉ hiyo hiyo asubuhi mpaka usiku. Na hii haikuja yenyewe. Haki za kuonyesha Olimpiki Ulaya zilikuwa zimenunuliwa na Discovery, kampuni ya Marekani, wangeweza kuifungia yote huko kwenye chaneli za kulipia, lakini Ayalandi ina sheria inayotaja matukio ya taifa ambayo lazima yaonyeshwe kwenye tivii ya bure, na Olimpiki ya kiangazi imo kwenye orodha pamoja na fainali zao za mpira wa Kigaelic na hurling, michezo yao ya jadi. Kwa hiyo bibi wa miaka themanini huko Donegal mwenye antena tu juu ya bati anaona kila kitu sawa na tajiri wa Dublin. Yaani mi hii sheria naiheshimu sana. Watu hawawezi kumpenda mtu wasiyemwona.

Sasa angalia jinsi wanavyotangaza. Mbio zikiisha hawakimbilii tangazo la biashara, wanarudi studio, na studio wamekaa watu waliokimbia wenyewe. Sonia O'Sullivan kwa mfano, wa Cobh kaunti ya Cork, fedha ya mita 5000 Sydney 2000, alishindwa na Gabriela Szabo wa Romania kwa chini ya robo sekunde. Derval O'Rourke wa mbio za kuruka viunzi. David Gillick wa mita 400 yeye anakaa kule chini kwenye uwanja na maiki, mwanamichezo anatoka anahema hajaweza hata kusimama vizuri, na anayemuuliza ni mtu ambaye anajua mapafu yanavyowaka baada ya mita 400, kwa hiyo maswali yake yanakuwa ya kibinadamu, anamwacha mtu alie kama analia. Hawaogopi machozi kwenye tivii hawa. Alafu baada ya hapo, na hii ndo sehemu naipenda kuliko zote, kamera inahamia nyumbani. Ukumbi wa kijiji, klabu ya ngumi, baa, shule iliyofungwa likizo ikafunguliwa kwa ajili ya siku ile tu, watoto wamejichora nyuso kijani nyeupe na chungwa, kocha wa kwanza aliyemfundisha akiwa na miaka saba anaulizwa alikuwaje, shangazi anafuta macho. Ndani ya nusu saa nchi nzima imeshajua huyu mtu katokea wapi, na hawamsahau tena.

Chukua Mona McSharry. Fainali ya mita 100 mtindo wa chura, Julai 29, alipata shaba kwa tofauti ya sekunde 0.01. Moja ya mia! Wa nne walikuwa wawili waliofungana, Benedetta Pilato wa Italia na Lilly King wa Marekani. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Ayalandi kwenye kuogelea tangu Atlanta 1996, na 1996 ni mwaka ambao Waayalandi wakiuongelea sauti inashuka, maana Michelle Smith alichukua dhahabu tatu na shaba moja kwenye bwawa, nchi ikashangilia wiki nzima, alafu 1998 akafungiwa miaka minne kwa kuchezea sampuli ya vipimo. Medali hakunyang'anywa, lakini furaha ile iliondoka. Kwa hiyo Mona alipogusa ukuta na jina lake likatokea la tatu, watu wazima niliokuwa nao walishangilia kama watu waliorudishiwa kitu chao. Kesho yake tu, Julai 30, Wiffen akachukua dhahabu ya mita 800 mtindo huru kwa rekodi ya Olimpiki, 7:38.19, na siku chache baadae akaongeza shaba ya mita 1500. Magheralin iko kaunti ya Down lakini pua na mdomo na mpaka wa Armagh, na Armagh siku mbili kabla ya dhahabu ile walikuwa wamebeba kombe la mpira wa Kigaelic pale Croke Park kwa kuwafunga Galway kwa pointi moja, kwa hiyo unaweza kufikiria wiki ile huko kaskazini ilikuwaje, bendera za chungwa za Armagh zilikuwa bado ziko juu ya nguzo wakati dogo anapanda jukwaani Paris akilia.

Na kaskazini kuna mambo yake, nipite haraka. Mwanamichezo wa Ayalandi ya Kaskazini anaweza kuchagua kuchezea Ayalandi au Uingereza. Wiffen na McClenaghan walichagua Ayalandi, Hannah Scott wa Coleraine alipata dhahabu ya makasia akiwa na jezi ya Uingereza. Kule watu wana RTÉ na BBC zote mbili kwenye rimoti moja. Nilichokiona ni kwamba watu wa mji wanashangilia mtu wa mji, jezi baadae.

McClenaghan naye nimwongelee, maana bila tivii kumfuatilia toka mwanzo ile dhahabu yake isingekuwa na uzito ule. Yeye ni mtu wa jimnastiki, kile kifaa chenye vishikio viwili juu ambacho unakizunguka kwa mikono miguu ikiwa hewani, ukigusa tu umekwisha. Tokyo mwaka 2021 aliingia fainali akiwa anategemewa, mkono ukateleza mwanzoni kabisa akaanguka, akamaliza wa saba. Nchi iliona. Akasimama akamalizia zoezi lake. 2022 akawa bingwa wa dunia, 2023 tena bingwa wa dunia, alafu Agosti 3, 2024 Paris akapata alama 15.533 na dhahabu ikawa yake. Watu waliokuwa wanaangalia pale walikuwa wanashika pumzi kwa sababu kila mmoja anaikumbuka ile sekunde ya Tokyo, tivii iliwaonyesha ule wakati mbaya na haikuuficha, ndo maana wakati mzuri ulikuwa wa watu wote.

Kellie Harrington, bondia, ni hadithi ya Dublin ya katikati, mtaa wa kimaskini ambao magazeti kwa kawaida yanautaja kukiwa na dawa za kulevya au risasi. Fainali yake ya Tokyo ilikuwa alfajiri kwa saa za hapa, kama saa kumi na mbili asubuhi, na Portland Row nzima ilikuwa macho. Alikuwa anafanya usafi hospitali, na baada ya dhahabu ya Tokyo akarudi kazini pale pale. Paris akashinda tena, uzito wa kilo 60, alimpiga Yang Wenlu wa China usiku wa Agosti 6 pale Roland Garros, uwanja wa tenisi uliogeuzwa ulingo, na ukisikia zile kelele ungedhani mechi iko Dublin. Akaimba pale ulingoni, akatangaza kwamba anastaafu. Mi nilikuwa naangalia na wamama wa mtaani kwangu, mmoja hakuweza kukaa, alisimama raundi zote tatu nyuma ya kochi kashika mto.

Sasa tufike Tallaght kwangu. Rhasidat Adeleke amekulia huku, wazazi wake ni Wanigeria, amekimbilia klabu ya Tallaght kabla hajaenda chuo Texas. Agosti 9, 2024 siku ya Ijumaa jioni alikuwa kwenye fainali ya mita 400. Nataka muelewe hiyo maana yake nini kwenye mtaa wenye familia nyingi kutoka Afrika, watoto weusi waliozaliwa hapa ambao kila siku kuna mtu anawauliza lakini kwenu hasa ni wapi. Siku ile tivii nzima ya taifa, kuanzia asubuhi, ilikuwa inajibu kwa niaba yao, huyu ni wa Tallaght. Basi. Kamera zimekuja, wameongea na watu wa klabu, na watoto waliokuwa wanacheza nje wakaitwa ndani saa moja jioni ilipokaribia.

Marileidy Paulino wa Jamhuri ya Dominika alishinda kwa rekodi ya Olimpiki 48.17, Salwa Eid Naser wa Bahrain wa pili, Natalia Kaczmarek wa Poland wa tatu kwa 48.98, na Rhasidat wa nne, 49.28. Sekunde 0.30 kutoka kwenye shaba. Nilidhani nyumba itanyamaza. Ilinyamaza kidogo kweli, alafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wanapigia tivii makofi jamani, na binti kwenye skrini analia na wao wanampigia makofi. Kesho yake, Agosti 10, alirudi kwenye mita 400 kupokezana vijiti, Sophie Becker wa Wexford, Rhasidat wa Dublin, Phil Healy wa Cork, na Sharlene Mawdsley wa Tipperary akamalizia, wakakimbia 3:19.90, rekodi ya taifa, na wakamaliza wa nne tena. Waingereza walipata shaba kwa 3:19.72. Tofauti sekunde 0.18. Wasichana wanne wa kaunti nne. Jumatatu iliyofuata timu iliporudi ikapokelewa O'Connell Street mbele ya posta kuu na maelfu ya watu, na mapokezi yalikuwa ya timu, wenye medali na wasio na medali kwenye jukwaa moja.

Hii ya kumheshimu wa nne nilikuja kuielewa vizuri kupitia mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, anapenda riadha kuliko chakula. Siku ya kwanza aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Tanzania, hakusema Serengeti, hakusema Kilimanjaro. Alisema Nyambui.

Nilishtuka. Kumbe mzee aliangalia fainali ya mita 5000 Moscow 1980 kwenye tivii, na mtu wao Eamonn Coghlan alikuwa mle. Miruts Yifter wa Ethiopia alichomoka akachukua dhahabu, Suleiman Nyambui wetu akapata fedha kwa 13:21.6, Kaarlo Maaninka wa Finland shaba, na Coghlan wa nne, chini ya sekunde moja kutoka kwenye shaba. Mzee ananisimulia mita mia za mwisho kwa mikono, Nyambui anapita huku, yule Mfini anapita kule. Na Coghlan huyo huyo miaka minne kabla, Montreal 1976, alikuwa wa nne pia kwenye mita 1500, fainali ambayo John Walker wa New Zealand alishinda, na ambayo Filbert Bayi wetu, mwenye rekodi ya dunia wakati ule, hakuwepo kwa sababu Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea michezo ile baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mzee anasema wamewahi kubishana baa mpaka usiku, Bayi angekuwepo mbio zingekuwaje, Coghlan wao angepata nini. Fikiria, Waayalandi wanabishana kuhusu Bayi! Coghlan alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 Helsinki 1983, lakini mzee akimwongelea anaanza na zile nafasi mbili za nne, na anaziongelea kwa heshima, kama mtu anayeongelea ndugu aliyepambana akazidiwa mwishoni.

Alafu akanitolea jingine. Marathoni ya Los Angeles 1984. Kwa saa za Ayalandi ilianza kama saa saba usiku, kwa hiyo waliokesha waliona saa tisa na kitu usiku John Treacy, mtu wa Villierstown kaunti ya Waterford, anaingia uwanjani nyuma ya Carlos Lopes wa Ureno. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Mtangazaji wa RTÉ alikuwa Jimmy Magee, na Treacy anavyozunguka uwanja ule kwenye mita za mwisho huku Charlie Spedding wa Uingereza akiwa nyuma yake sekunde mbili tu, Magee akaanza kutaja majina ya Waayalandi wote waliowahi kupata medali ya Olimpiki, mmoja baada ya mwingine, toka akina Pat O'Callaghan na Bob Tisdall wa miaka ya zamani, mpaka akamaliza na la Treacy anapovuka mstari. Saa 2:09:56, fedha. Kila Muayalandi wa umri fulani anaikumbuka ile, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanaijua maana RTÉ hawachoki kuirudia. Mi nikiisikiliza nywele zinasimama, maana yule mzee mtangazaji alimchukua mtu mmoja anayekimbia peke yake Marekani, huku kwao ni usiku wa manane, akamuunganisha na wote waliomtangulia, kwa pumzi moja.

Na kwenye marathoni hiyo hiyo, wa sita, 2:11:10, alikuwa Juma Ikangaa. Wetu. Mzee anamkumbuka, anasema yule mfupi aliyekuwa anaongoza kundi mbele haogopi mtu. Mi nilikaa kimya pale sebuleni kwake, ilinigusa sana, kwa sababu najua kabisa nikirudi Dar leo nikasimama kijiweni nikawauliza vijana Ikangaa ni nani, wa wapi, alifanya nini, majibu nitakayopata yatanisikitisha. Na sio kosa la vijana. Watakumbukaje kitu ambacho hawajawahi kuonyeshwa? Kijana wa kwetu anakutajia kikosi cha Arsenal na wachezaji wa akiba, kwa sababu hicho ndo kilichowekwa mbele ya macho yake kila wikendi.

Wao pia hawakuwa na tivii siku zote. Ronnie Delany alishinda mita 1500 Melbourne Desemba 1956, akapiga magoti kusali baada ya kuvuka mstari mpaka John Landy wa Australia akaja kumwangalia akidhani ameumia, na Ayalandi ilikuwa haina hata kituo cha tivii, cha kwanza kilianza mkesha wa mwaka mpya 1961. Lakini filamu ya zile mbio wameitunza na wameionyesha vizazi na vizazi, watoto wanaijua ile picha ya magoti. Dhahabu iliyofuata ya Ayalandi haikuja mpaka Michael Carruth alipoileta kwenye ngumi Barcelona 1992, miaka 36 mbele, na muda wote huo Delany hakupotea midomoni mwa watu.

Kuna siku moja ambayo mi naiona ni yetu sote, wao na sisi wa Afrika Mashariki. Agosti 9, 2012, London. Mchana Katie Taylor wa Bray, kaunti ya Wicklow, anapigana fainali ya ngumi za wanawake kilo 60, mwaka wa kwanza kabisa wanawake kuruhusiwa kupigana ngumi kwenye Olimpiki, na ukumbi wa ExCeL umejaa Waayalandi mpaka Mrusi Sofya Ochigava alikuwa kama kaja ugenini kabisa. Kule Bray wamefunga skrini kubwa na mji mzima uko nje. Akashinda 10 kwa 8, pointi mbili tu. Usiku wa siku hiyo hiyo David Rudisha anakimbia mita 800 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia, anaongoza mwanzo mpaka mwisho. Na aliyemlea Rudisha pale Iten ni Brother Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki kutoka kaunti ya Cork, aliyekuja Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia St Patrick's akabaki mpaka akawa mzee wa Iten. Kwa hiyo Waayalandi siku ile walishangilia mara mbili, mchana kwa binti yao, usiku kwa kijana wa Kimaasai wa Kilgoris, kwa sababu kwenye tivii yao walishaambiwa Brother Colm ni nani na kijana wake anaitwa nani. Mtu wa Cork akikuambia Rudisha ni wake kidogo, mwache, anaongea kweli.

Skibbereen nayo siwezi kuiruka. Ni mji mdogo wa kama watu elfu tatu huko magharibi ya Cork, na klabu yao ya makasia ndo iliyotoa ndugu wawili Gary na Paul O'Donovan waliopata fedha Rio 2016, medali ya kwanza ya Ayalandi kwenye makasia. Mahojiano yao baada ya mbio yalipendwa dunia nzima kwa jinsi walivyoongea kwa lafudhi yao ya nyumbani bila kujikaza. Paul akaendelea, Tokyo dhahabu na Fintan McCarthy, Paris dhahabu tena, huku anasomea udaktari, Muayalandi wa kwanza kupata medali kwenye Olimpiki tatu mfululizo. Mbio zao za uzito mwepesi zimeondolewa Olimpiki baada ya Paris, na watu wa kule nimewasikia wanaumia kwelikweli. Ila watoto wanaendelea kwenda mtoni kupiga makasia, maana mtoto wa Skibbereen hahitaji kuambiwa kwamba mtu wa kwao anaweza kufika, ameshamwona kwenye tivii alafu akamwona dukani.

Sasa mi nikija kwetu. Septemba 2025 mbio za dunia Tokyo, marathoni, kwa saa za huku ilikuwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Alphonce Simbu wa Singida, aliyekuwa wa tano Rio 2016, aliingia uwanjani anamfukuza Amanal Petros wa Ujerumani, wote wakamaliza kwa 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu yuko mbele kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha toka yaanze. Nililia usiku ule, sioni haya kusema. Asubuhi mzee akaja mlangoni kwangu na gazeti, kitu cha kwanza alichouliza mnakijua. Ni wa wapi? Nikamwambia Singida, akataka nimwonyeshe kwenye ramani, tukaitafuta, akauliza huko wanalima nini, kuna baridi, aliyemfundisha kwanza ni nani. Hilo la mwisho sikuwa na jibu lake kamili, na sikupata popote pa kulisoma kwa kina anachotaka yeye.

Hilo ndo ninaloomba kwa wenye vituo vya tivii kwetu, wa umma na wa binafsi. Pelekeni kamera Singida. Pelekeni Karatu alikotoka Bayi, Bayi aliyepata fedha ya kuruka viunzi na maji Moscow 1980, mwaka ule ule wa Nyambui, hizo mbili ndo medali zetu za Olimpiki mpaka leo. Wekeni studio Ikangaa aeleze kundi la marathoni linavyofikiri kilomita ya 35. Andikeni sheria kama ya wenzetu kwamba Olimpiki ionekane bila king'amuzi cha kulipia. Na akimaliza wa nne au wa kumi na saba, kama Simbu alivyomaliza Paris, rudisheni kamera kijijini kwake vile vile, mumuulize mama yake alilala saa ngapi.

Los Angeles inarudi Julai 2028. Huku tutakuwa mbele kwa saa 8, nyumbani Tanzania saa 10, kwa hiyo fainali za jioni zitawakuta mnaelekea asubuhi. Mzee ameshasema marathoni tunaangalia kwake, na ameniambia nimwandikie majina ya Watanzania wote watakaofuzu, na vijiji vyao.